Saruji Iliyozidi

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa za jioni, katika duka la vifaa vya ujenzi Mbagala Rangi Tatu. Keshia alimuuzia fundi mmoja anayejenga Chamazi mifuko 20 ya saruji. Mfuko ulikuwa shilingi 16,000, jumla 320,000. Alipokea pesa, akazihesabu, akatoa risiti ya kodi kwa mashine ya EFD, akajaza mauzo kwenye kompyuta, kisha akabofya kitufe kilichoandikwa Hifadhi. Kompyuta haikuonyesha dalili yoyote. Kishale kilikuwa palepale, mshale mweupe uleule, kimetulia juu ya kitufe. Akabofya tena. Kimya. Nyuma ya fundi walikuwa wamesimama wateja wanne, mmoja yuko na simu sikioni akimsihi dereva wa kirikuu asiondoke. Keshia akabofya mara ya tatu. Usiku, wakati wa kufunga hesabu, kompyuta ilisema mifuko 60 imeuzwa na kwamba droo imepungukiwa shilingi 640,000.

Duka hili na watu wake nimewatunga, ndiyo maana hawana majina. Makosa yaliyomo sikuyatunga. Hurudiwa na watu wanaojifunza kutengeneza programu za madirisha, mmoja baada ya mwingine, na moja kati yake lilitokea kweli katika kijiji cha Uskoti hadi likaandikwa kwenye hukumu ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Tutafika huko.

Aliyetengeneza programu ya duka alikuwa kijana wa Kizuiani mwenye stashahada ya kompyuta. Hakuwa mvivu wala tapeli. Nasema hivyo mapema kwa sababu msomaji akishaona mhusika ni mtu mbaya hujitoa kwenye kisa, akasema hayo ni ya wengine. Kijana huyu alikuwa mtu wa kukesha na kazi yake, na bei aliyomtajia mzee mwenye duka ilikuwa ya haki. Aliandika kwa Java, kwa kutumia Swing, ambayo ilikuja na toleo la 1.2 mwaka 1998 na ingali ikifundishwa vyuoni.

Alichokipenda zaidi katika programu ile kilikuwa kishale. Alitaka mtu akifungua tu ajue yuko duka la ujenzi, kwa hiyo akachora mwiko wa mwashi, mpini juu kulia, ncha chini kushoto, ndani ya mraba wa pikseli 32 kwa 32 ambao ndio saizi ya kawaida ya kishale kwenye Windows. Ulipendeza kwa kweli. Lakini kila kishale, pamoja na picha yake, kina nukta moja ya shabaha, pikseli moja tu ambayo kompyuta huihesabu kuwa ndipo mtu alipogusa. Kinachobaki ni pambo. Java hukuuliza nukta hiyo iko wapi unapotengeneza kishale chako, na kijana akajibu sifuri, sifuri, yaani pembe ya juu kushoto, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kila mfano aliowahi kuuona.

Mifano ile haikukosea. Iliuhusu mshale wa kawaida, ambao ncha yake kweli iko pembe ya juu kushoto. Mshale huo una historia. Mausi ya kwanza, ya kasha la mbao, ilitengenezwa mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford, Marekani, kwa wazo la Douglas Engelbart na mikono ya Bill English, na watu wengi waliiona kwa mara ya kwanza San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Mshale wa Engelbart ulitazama juu moja kwa moja. Uliinamishwa baadaye, katika kompyuta ya Alto ya Xerox mwaka 1973, kwa sababu skrini za wakati huo zilikuwa na nukta chache na mstari ulionyooka upande mmoja na kukatwa nusu pembe mraba upande wa pili ulisomeka vizuri zaidi. Tumerithi mshale ulioinama, na pamoja nao tumerithi mazoea ya sifuri, sifuri.

Mwiko ulikuwa na ncha chini. Keshia akielekeza ncha kwenye mstari wa nondo za milimita 12, programu ilisikia mbofyo pikseli 31 juu zaidi, kwenye nondo za milimita 10. Siku mbili za kwanza bidhaa ziliingia kombo mpaka keshia mwenyewe akagundua kwamba inabidi aelekeze mstari wa chini ili apate wa juu. Hakulalamika. Aliona ndivyo kompyuta hiyo ilivyo. Kijana alipopita kuangalia maendeleo alimkuta anabofya chini ya anachokitaka, akashtuka, akaurudisha mshale mweupe wa kawaida, na jambo likaisha kwa kucheka pamoja.

Naona hapo ndipo palipotakiwa kusimama. Siyo kwa ajili ya nondo, maana kosa la nondo lilionekana kwa macho na lilisahihishwa kwa dakika chache. Palitakiwa kusimama kwa sababu ya keshia. Binti yule alikuwa amekutana na mashine inayosema uongo, na kwa siku mbili nzima akaubeba uongo huo kama kosa la mkono wake. Mtu anayetengeneza programu akimwona mtumiaji anajipinda ili alingane na mashine, hiyo ni habari nzito kuliko malalamiko yoyote ya mdomo, kwa kuwa wengi wa watu wetu kazini hawatalalamika kamwe mbele ya kompyuta. Kijana alirekebisha picha, akaondoka.

Kosa la pili lilikuwa na mizizi nyumbani kwake. Alipokuwa akijaribu programu chumbani Kizuiani, hifadhidata ilikuwa kwenye kompyuta mpakato ileile. Unabofya Hifadhi, imeshahifadhiwa. Dukani mambo yalikuwa mengine. Mzee alitaka aone mauzo akiwa kwake Mbande, basi hifadhidata ikawekwa kwenye seva ya kukodi nje ya nchi, na duka likaunganishwa kwa modemu yenye laini ya simu. Asubuhi kuhifadhi kulichukua sekunde mbili. Jioni, watu wakisharudi kutoka mjini na kila mmoja yuko kwenye simu yake, zilikuwa sekunde saba, nane, wakati mwingine zaidi.

Sekunde nane ni nyingi sana mbele ya foleni ya wateja. Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliweka mipaka mitatu ambayo wabunifu wa programu wanaifuata hadi leo, akiijenga juu ya kazi ya Robert Miller ya mwaka 1968. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ni yeye mwenyewe aliyetenda. Likichukua sekunde 1, anaona kucheleweshwa lakini fikra zake hazikatiki. Zikipita sekunde 10, akili imeshahama. Kati ya sekunde 1 na 10 mtu anahitaji kuambiwa kwamba amesikika, na katika programu ya dirisha wa kumwambia hivyo kwanza ni kishale, kwa kuwa macho yake tayari yako hapo. Kishale kinafanya kazi ya mkono wa konda kwenye ubavu wa daladala: dereva hamwoni anayepanda wala anayeshuka mlango wa nyuma, anaondoka au anangoja kwa kuisikiliza bodi ikigongwa. Programu ya kijana haikugonga bodi kabisa.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Swing ina mkondo mmoja tu wa kazi kwa ajili ya dirisha. Mkondo huohuo ndio unaochora, ndio unaopokea mibofyo, ndio unaotekeleza maagizo yaliyo nyuma ya kila kitufe. Kijana aliitia safari ya kwenda kwenye seva na kurudi ndani ya mkondo huo. Kwa zile sekunde nane dirisha lilikuwa halina mtu nyumbani. Lakini mibofyo ya keshia haikupotea. Ilipokelewa na kupangwa foleni, na mkondo uliporudi kutoka kwenye seva ukaikuta inangoja: mbofyo wa pili, ukahifadhi tena; mbofyo wa tatu, ukahifadhi tena. Fomu ilikuwa bado imejaa, kwa kuwa ilifutwa tu pale keshia anapobofya Mauzo Mapya. Chini ya dirisha neno Imehifadhiwa lilitokea mara tatu mahali palepale, na mtu yeyote angeona limetokea mara moja.

Mzee alimwita keshia ofisini baada ya wiki ya kwanza ya pengo.

"Mwanangu, mimi sikutuhumu. Mashine ndiyo inasema."

"Mzee, mimi nimeuza mifuko ishirini. Muulize hata mtunza stoo."

"Mtunza stoo hana kompyuta."

Mzee alikuwa na kitu kingine mkononi, ripoti ya Z ya mashine ya EFD. Ripoti hiyo, ambayo hutolewa kila siku kufunga hesabu za risiti, ililingana na pesa iliyokuwa kwenye droo hadi shilingi ya mwisho. Mtu mwenye utulivu angeiona kama shahidi wa keshia: mashine moja inasema mauzo ni 320,000, droo inasema 320,000, ni kompyuta peke yake inayosema 960,000. Mzee aliisoma kinyume. Aliona binti anauza mifuko mingine bila risiti na pesa anatia mfukoni, ndiyo maana EFD haijui na kompyuta inajua. Kwa hesabu ilikuwa inawezekana. Akaanza kumkata mshahara.

Hapa niseme jambo ambalo wenye maduka na wafanyakazi wengi hawaambiwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa sababu tu hesabu imepungua. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Karatasi iliyochapwa na kompyuta haithibitishi kosa la mtu. Inaonyesha tofauti tu, na tofauti inatakiwa kutafutiwa chanzo. Laiti mzee angejaribu kuandika chanzo hicho kwa maneno, angekwama kwenye mstari wa kwanza, na kukwama kule kungemsaidia.

Keshia hakujua kifungu hicho. Alichofanya ni kumpigia simu yule kijana. Hakumwambia kuhusu mshahara, aliona aibu. Alimwambia programu inachelewa.

Kijana alikuja jioni hiyohiyo, na akaona mwenyewe kishale kimetulia wakati kazi inaendelea. Aliona aibu pia. Akafungua kompyuta yake akaongeza mistari michache: mwanzoni mwa kazi, badilisha kishale kiwe cha kusubiri, lile duara la bluu linalozunguka ambalo lilichukua nafasi ya saa ya mchanga tangu Windows Vista mwaka 2007, zima kitufe, hifadhi, washa kitufe, rudisha mshale. Ukiusoma mpangilio huo haraka unaona umekamilika. Akajaribu mara mbili tatu, duara likazunguka, akaaga.

Mauzo yaliendelea kujirudia. Sababu ni ileile ya mkondo mmoja, na ndiyo sehemu ninayotaka anayejifunza aisome polepole. Kitufe kilizimwa na kuwashwa ndani ya kazi ileile, na wakati wote huo mkondo wa dirisha ulikuwa kwenye seva. Mibofyo iliyopigwa katikati haikukutana na kitufe kilichozimwa. Ilikaa foleni, ikasubiri, na ilipofikiwa kitufe kilikuwa kimeshawashwa tena. Kuzima kitufe kwa namna hiyo ni sawa na kutokukizima. Duara la bluu nalo ni picha tu, halizuii mkono wa mtu. Linamwomba asubiri, na mtu aliyezoea kupuuzwa na mashine hiyo kwa majuma mawili hana sababu ya kulitii mara moja.

Hata hivyo keshia alijitahidi kulitii, na hilo ndilo linaloumiza. Alijifunza kwamba duara likizunguka aondoe mkono kwenye mausi. Mauzo ya kujirudia yakaanza kupungua. Kisha siku moja bando likaisha katikati ya kuhifadhi. Java ikatoa kosa, kazi ikakatika katikati, na mistari miwili ya mwisho, ya kuwasha kitufe na kurudisha mshale, haikufikiwa kamwe. Programu ilikuwa nzima. Ilikuwa tayari kupokea kazi. Lakini duara liliendelea kuzunguka na kitufe kilibaki kimefifia, na ujumbe wa kosa uliandikwa mahali ambapo ni mtengenezaji tu huangalia. Keshia akasubiri. Wateja wakaanza kunung'unika, mmoja akachukua pesa yake akaenda duka la jirani. Mwishowe akazima kompyuta kwa swichi ya ukutani, akaiwasha, akaandika mauzo yale upya.

Sasa, je, mauzo ya kwanza yalikuwa yamefika kwenye seva kabla mtandao haujakatika, na kilichopotea ni jibu tu? Au hayakufika? Keshia hakuwa na njia ya kujua, na programu haikuwa na njia ya kumwambia. Safari hiyo yalikuwa yamefika. Yakaandikwa mara mbili. Ikawa katika duka moja kuna njia tatu tofauti za kuzaa mauzo hewa, na zote zilimwangukia mtu mmoja.

Mtunza stoo alikuwa mtu wa Rufiji, wa makamo, mwenye daftari kubwa la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila mzigo unaotoka aliuandika kwa karatasi iliyochapwa na keshia, na karatasi ilichapwa mara moja tu kwa kila mteja. Wiki ya pili alimwambia mzee, "Saruji imezidi." Mzee akasema vizuri. Ziada haimtishi mtu. Tumezoea kuogopa kinachopungua, na stoo inayozidi tunaiona baraka au kosa la kuhesabu, tunapita. Wiki ya nne mtunza stoo alikataa kusaini hesabu, akaenda na daftari lake ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kompyuta inasema wiki hii tumetoa mifuko mia tatu na arobaini. Mimi nimetoa mia mbili. Hiyo mia moja na arobaini ipo stoo, twende ukaihesabu kwa mkono wako. Kama binti ameuza hii mifuko akala pesa, mbona mifuko yenyewe ipo?"

Mzee alikwenda akahesabu. Alirudi akachukua simu, akampigia kijana wa Kizuiani, akamwambia aje na asije peke yake na maneno, aje na kumbukumbu za seva. Kumbukumbu zilipofunguliwa ilionekana wazi kwa mtu yeyote: mteja yuleyule, bidhaa ileile, idadi ileile, sekunde nane baadaye, na sekunde nane tena.

Nilisema kosa hili lilitokea kweli. Mwaka 2015 huko Dalmellington, kijiji cha Ayrshire, Uskoti, mhudumu wa posta alipokea pauni 8,000 taslimu kwa ajili ya tawi lake dogo na kuziingiza kwenye mfumo wa Horizon uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Skrini ya kuthibitisha haikuondoka. Akabonyeza tena kitufe cha kukubali, na tena, na kila mara mfumo ulirekodi kimyakimya pauni 8,000 nyingine. Mwisho wake kompyuta ilisema amepokea 32,000, na akawa na pengo la pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. Fujitsu walipochunguza walikuta dalili za tukio la namna hiyo zaidi ya mara 100 katika miaka mitano iliyotangulia. Dosari hiyo ilipewa jina la kijiji, na jaji Fraser akaiorodhesha pamoja na nyingine katika hukumu yake ya Desemba 2019, kwenye kesi iliyofunguliwa na wahudumu 555 wakiongozwa na Alan Bates.

Mhudumu wa Dalmellington hakufungwa. Wengine walifungwa. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2015 zaidi ya wahudumu 900 wa posta walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo kwa ushahidi uliotegemea Horizon. Wapo waliouza nyumba ili kulipa madeni hewa, na wapo waliojiua. Mwaka 1999 Bunge la Uingereza lilifuta kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa, na tangu hapo mahakama zikadhani kuwa ilifanya. Ilibidi itungwe sheria maalumu mwaka 2024 kufuta hatia za watu wale. Maneno ya mzee wa Rangi Tatu, kwamba mashine ndiyo inasema, yalisemwa huko na mawakili, na yaliaminiwa kwa miaka mingi.

Kijana wa Kizuiani alibaki dukani usiku kucha. Nieleze alichokifanya, kwa kuwa aliyepata somo la kosa anastahili kupata na la dawa.

Kwanza aliitoa safari ya seva kwenye mkondo wa dirisha. Tangu Java 6, mwaka 2006, kuna SwingWorker kwa kazi hii hasa: unampa kazi ndefu, anaifanya pembeni, akimaliza analiarifu dirisha. Sasa kitufe kinazimwa mara tu kinapobofywa, mkondo unarudi papo hapo kupokea mibofyo, na mibofyo ya ziada inakutana na kitufe kilichozimwa kweli. Kishale cha kusubiri kinazunguka wakati kazi inaendelea na dirisha linaendelea kuchorwa. Kurudisha mshale na kuwasha kitufe akakuweka ndani ya finally, sehemu ambayo Java huitekeleza kazi ikifanikiwa au ikishindwa. Akaweka kikomo cha kusubiri, na kikipita keshia anaona kwa Kiswahili kwamba mtandao umekatika na mauzo haya bado hayajathibitishwa. Fomu ikawa inafutwa yenyewe baada ya kuhifadhi.

Hayo yote ni adabu ya dirisha, na mengi ya mafunzo huishia hapo. Yeye hakuishia, na hilo nampa heshima. Kila mauzo sasa hupewa namba yake wakati fomu inapofunguliwa, kabla ya kubofya chochote, na safu ya namba hiyo kwenye hifadhidata imekatazwa kujirudia. Mbofyo wa pili ukipenya kwa njia yoyote, seva inaukataa. Mtandao ukikatika jibu likapotea, programu ikirudi inaiuliza seva: namba hii unayo? Kishale kinazungumza na keshia, na namba inalinda pesa. Kukipa kishale kazi zote mbili ndiko kulikozaa msiba mzima.

Mzee alirudisha makato yote mbele ya wafanyakazi wengine na akaomba radhi kwa sauti. Binti alipokea pesa, akakaa mwezi mmoja kufundisha keshia mpya, kisha akahamia duka la Kongowe. Hakuna aliyemlaumu.

Kwa mwenye duka anayetaka kununua programu leo, Mbagala au kwingine, kuna jaribio la robo saa la kufanya kabla ya kulipa awamu ya mwisho, na halihitaji elimu ya kompyuta. Mwambie fundi wa programu ajaze mauzo ya mfuko mmoja. Bofya Hifadhi mara tano haraka uwezavyo, kisha angalia yameandikwa mangapi. Jaza tena, bofya, chomoa modemu kabla haijamaliza, angalia kishale kinafanya nini na kitufe kinarudi au la. Rudisha modemu, hifadhi tena, hesabu. Yafanye hayo saa kumi na moja jioni wakati mtandao umeelemewa, na keshia ndiye ashike mausi. Kama yanatokea mawili mahali pa moja, usilipe bado. Na kama programu unayo tayari, anzia stoo: hesabu kilichozidi kabla hujamwita mtu kumuuliza kilichopungua.